Ngeli za Stesheni: Utangulizi wa Elimu ya Miji Iliyozaliwa, Iliyokwepwa na Iliyopitwa na Treni

Usuli wa tatizo

Wataalamu wa wadudu wameainisha hadi mende wa chooni. Wataalamu wa lugha wamepanga nomino zote katika ngeli, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vimefeli mitihani kwa sababu hiyo. Lakini makazi yaliyoguswa na Reli ya Kati yamekaa zaidi ya karne bila mtu wa kuyapanga. Watu husema "miji ya reli" kwa mkupuo, kana kwamba Saranda na Ujiji, Isaka na Nachingwea ni ndugu wa tumbo moja. Huo ni uzembe wa kitaaluma, na makala hii inakusudia kuliziba pengo hilo la maarifa, au walau kulichungulia.

Madhumuni mahususi ni matatu. La kwanza ni kubainisha ngeli za miji na vijiji hivyo. La pili ni kueleza kwa nini kuku wa stesheni moja anajulikana nchi nzima ilhali diwani wa hapo hajulikani hata kata ya pili. La tatu, ambalo kwa kawaida huachwa kwa sababu halina jibu la kupendeza, ni kuuliza: treni ikija, mwenyeji anapata nini hasa?

Mawanda ya utafiti

Mawanda ni Reli ya Kati pamoja na jamaa zake wa karibu. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, jumla ya kilomita zipatazo 1,250 za reli yenye upana wa mita moja. Miezi sita baadaye vita vikaanza, na aliyeijenga hakupata hata muda wa kuifaidi. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kikaiunganisha na reli ya Tanga.

Kuhusu wamiliki wake, orodha ni ndefu. Mwaka 1948 reli hii ilitiwa katika shirika moja na reli za Kenya na Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikabaki na shirika lake. Mwaka 2007 ikakabidhiwa kampuni ya ubia na wawekezaji kutoka India, mwaka 2011 serikali ikaichukua tena, na mwaka 2017 Shirika la Reli likafufuliwa kwa jina lake la zamani. Kila mabadiliko yalileta nembo mpya na barua zenye vichwa vipya. Beseni la muuza mayai halikuguswa.

Mbinu na nadharia

Data zilikusanywa kwa ushuhudiaji shirikishi, yaani kununua na kula. Usampulishaji ulikuwa lengwa: walilengwa wauzaji wenye chenji. Kwa kuwa hawakupatikana, mtafiti alilazimika kupanua sampuli.

Utafiti unaongozwa na Nadharia ya Kusimama, ambayo msingi wake ni huu: treni hainufaishi mahali kwa kupita, inanufaisha kwa kusimama. Wahenga waliligusa jambo hili waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni pita. Mgeni anayepita kwa kasi anaacha vumbi, na vumbi halijawahi kumponya mtu.

Nadharia hii ni ya zamani kuliko reli yenyewe. Katika enzi za misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, watemi wa Ugogo walikuwa na maji machache na subira nyingi. Kila msafara uliotaka kuvuka nchi yao ulisimama, ukalipa hongo, ukanunua nafaka, ndipo ukaendelea. Wasafiri wa Kizungu waliliandika jambo hilo kwa uchungu mkubwa, wakiliita unyang'anyi. Leo tunaliita ushuru wa njia, na serikali nyingi duniani zinalo. Kwa hiyo waasisi wa Nadharia ya Kusimama ni Wagogo, na heshima hiyo wapewe.

Jambo moja la kisarufi kabla hatujaendelea: katika mada za ngeli zifuatazo, miji imepewa upatanisho wa watu, kwa kuwa ina tabia za watu, zikiwamo kiburi, wivu na kinyongo. Mtahini asikate alama.

Ngeli ya Kwanza: Waliozaliwa na Reli

Huu ni mji ambao treni isingekuja usingekuwapo, au ungebaki kijiji cha mtu na mjomba wake. Dodoma ilikuwa makazi madogo yenye ng'ombe wengi na maji kidogo hadi reli ilipofika. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko, na hoja moja kubwa ilikuwa kwamba Dodoma iko katikati. Ni kweli iko katikati. Lakini katikati ya nchi kuna mapori mengi, na hakuna mjumbe aliyependekeza Ikulu ijengwe kwenye pori lisilo na stesheni. Jamaa wa mbali wa ngeli hii ni Nairobi, ambayo mwaka 1899 ilikuwa kambi ya wajenzi wa reli ya Uganda, ikasahau kuondoka.

Kigoma nayo imo humu, na yenyewe iliwahi kupokea kutoka kwenye treni kitu ambacho si kila stesheni inaweza kujivunia: meli nzima. Wajerumani waliiunda kule Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku mpaka Kigoma, na kuiunganisha upya ufukweni. Ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mtu anayelalamika kwamba mzigo wake umeharibika njiani ana haki, lakini alinganishe.

Dalili za ngeli hii ni rahisi kuzitambua. Barabara ya zamani kuliko zote inaanzia stesheni. Maduka makongwe yenye vibaraza yameitazama stesheni, na mabweni ya wageni yamejipanga nyuma yake. Kisha kuna kota za reli: nyumba zinazofanana mpaka komeo la mlango, ambamo mtoto anakua akiweza kutofautisha kwa masikio tu treni ya mizigo iliyobeba na iliyo tupu. Mtoto huyo hahitaji saa ya ukutani ila siku treni ikichelewa, na siku hizo ndizo nyingi. Katika hali iliyokomaa, ngeli hii hutoa hadi timu ya mpira. Reli ya Morogoro iliitwa Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowasumbua wakubwa wa Dar es Salaam, na wazee wa Morogoro hulisema jina hilo mpaka leo bila kuombwa.

Ngeli ya Pili: Waliokwepwa

Hawa walikuwapo kabla ya reli, wakawa na jina, soko na heshima, kisha mhandisi akapima njia yake pembeni. Dalili yao kuu ni sentensi zinazoanza na "enzi hizo".

Mfano bora ni Ujiji. Ndiko msafara ulikokomea, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini Ujiji haikuwa na maji ya kina kwa meli, na kilomita chache tu kutoka hapo ghuba ya Kigoma ilikuwa nayo. Reli ikaenda Kigoma. Ujiji ikapata makumbusho na Kigoma ikapata treni, mgawanyo ambao watu wa Ujiji wanaufahamu vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Baadaye miji hiyo ikawekwa katika manispaa moja, Kigoma/Ujiji. Mtu achunguze mwenyewe ni nani ametangulia mkwaju.

Bagamoyo iko humu pia. Ilikuwa imeshapoteza makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, na reli ilipoanzia Dar es Salaam ikapigiliwa msumari wa mwisho. Kilimatinde ilikuwa na boma la Wajerumani; reli ikapita pembeni, na shughuli zikahama nayo kuelekea Saranda na Manyoni. Mpwapwa, kituo kikongwe cha misafara kilichosifika kwa maji yake, ilipewa Gulwe: stesheni iliyo mbali kiasi cha kumfanya abiria wa Mpwapwa ashuke kwenye treni akiwa bado hajafika.

Mtafiti asiye na upendeleo lazima aongeze kwamba bonde lililopendelewa badala ya Mpwapwa limewatoza waliolipendelea. Mto Mkondoa, unaoandamana na reli kutoka Kilosa kwenda Gulwe, haukubali mpangaji wa kudumu. Uliibomoa njia wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, ukaibomoa tena mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, hata treni za abiria zikalazimika kuanzia safari Dodoma.

Ndani ya ngeli hii kuna kijingeli cha watu badala ya mji: wapagazi. Wanyamwezi walikuwa wamejenga heshima juu ya kazi ya kubeba mizigo. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabika hajakua. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, elimu hiyo yote ya njia, visima, nyimbo za safari na namna ya kugawa mzigo wa pembe ikawa haina mnunuzi. Wengi walikuwa wameshika sururu kwenye ujenzi wa reli ileile iliyokuja kuwaachisha kazi. Jambo hili halina mzaha, na makala inalipita kwa kofia mkononi.

Ngeli ya Tatu: Wanaosimamiwa

Hii ndiyo ngeli yenye data nyingi, kwa sababu zilizoelezwa kwenye mbinu.

Anayesimamiwa si lazima awe mji. Anaweza kuwa nyumba ishirini, mbuyu mmoja na kibao cha jina chenye maandishi yaliyofifia. Kinachomweka katika ngeli hii ni kwamba treni inasimama kwa dakika kadhaa, na dakika hizo amezigeuza uchumi. Njia yote ya Reli ya Kati inaweza kuandikwa upya kama orodha ya chakula. Bahi ni mchele. Saranda ni kuku. Tabora ni asali, karanga na, msimu ukifika, maembe. Uvinza ni chumvi, iliyokuwa ikichemshwa hapo karne nyingi kabla ya reli kufikiriwa. Kigoma ni dagaa, migebuka na mawese, ambavyo hurudi na treni kuelekea mashariki na kuwafanya abiria wote wa behewa wawe na harufu moja bila kujali kabila wala dini.

Kuku wa Saranda anastahili aya yake. Treni ikianza kupunguza mwendo, kina mama na vijana wanakuwa wameshajipanga kando ya njia, mabeseni kichwani, vitambaa juu ya mabeseni. Hakuna anayeuliza behewa la daraja la tatu litasimama wapi; kila mmoja anajua jiwe lake. Behewa halijatulia bado, beseni limeshafika usawa wa dirisha.

"Anko, chukua huyu, wa moto!"

"Huyu si kuku, mama, huyu ni njiwa."

"Njiwa ana paja hili? Shika mwenyewe."

Abiria anashika paja. Hapo ndipo linapoanza tukio ambalo fasihi ya uchumi haijalishughulikia ipasavyo. Abiria ana noti kubwa. Mama hana chenji, au anayo na hasemi. Abiria hataki kutoa noti kabla ya kuona chenji, maana treni ikiondoka atakuwa amenunua kuku mmoja kwa bei ya watatu. Mama hataki kuachia kuku kabla ya kuona noti, maana treni ikiondoka atakuwa ametoa sadaka bila kukusudia. Kuku anabaki angani kati ya ardhi na dirisha, ameshikwa na watu wawili wanaosalimiana kwa adabu zote za anko na mama huku hakuna anayelegeza vidole. Honi inalia. Jirani wa abiria, ambaye hakuulizwa, anatoa noti ndogo mbili. Kuku anapanda, noti zinashuka, na sarafu ya mwisho inarushwa dirishani wakati magurudumu yameshaanza kuzunguka. Benki Kuu haina kipimo cha uaminifu unaohitajika kumaliza biashara hiyo salama, na inamalizika salama karibu kila mara.

Kanuni zilizobainika

Uchunguzi wa ngeli ya tatu umezaa kanuni tatu, ambazo zinatolewa hapa ili ziingie katika mitaala.

Kanuni ya Honi: bei ya kuku hupungua kadiri honi zinavyoongezeka, mpaka treni inapoanza kusogea, ambapo bei hupanda ghafla kwa kuwa sasa anayehangaika ni mnunuzi.

Kanuni ya Dirisha: manufaa ya abiria kwa kijiji yanakwenda kinyume na daraja la tiketi yake. Daraja la tatu hununua mayai, mihogo, miwa na kuku. Daraja la pili hununua maji. Daraja la kwanza huuliza kama ni salama kula.

Kanuni ya Uchelewaji: hasara ya ratiba ni faida ya beseni. Treni iliyotarajiwa alasiri ikafika usiku wa manane inawakuta abiria wamemaliza akiba yao, na hapo hata muhogo wa jana unaheshimika. Methali ya ngoja ngoja yaumiza matumbo ilitungwa na abiria. Hakuna ushahidi kwamba muuzaji yeyote wa stesheni aliwahi kuikubali.

Ngeli ya Nne: Makutano

Makutano ni mahali ambapo mtu hajafika anakokwenda, lakini hawezi kuendelea bila kupitia hapo. Tabora ndiye mfalme wa ngeli hii. Treni ya kutoka pwani ikifika, mabehewa hukatwa: haya ya Kigoma, haya ya Mwanza. Kaliua hurudia mchezo huo kwa tawi la Mpanda. Abiria aliyehama behewa usiku ili akapige soga na jirani ana hatari halisi ya kuamka katika mkoa asioukusudia, akiwa na shuka tu, wakati mke wake na mizigo vinaelekea ziwa jingine.

Isaka ni kioja cha ngeli hii: inaitwa bandari, na maji ya bahari yako mamia ya kilomita kutoka hapo. Ni bandari kavu, ambako mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori, na mji mzima umeota kuzunguka ushushaji huo. Kidatu ina kisa cha ajabu zaidi. Hapo Reli ya Kati yenye upana wa milimita 1,000 inakutana na reli ya TAZARA, ile ya kwenda Zambia, yenye milimita 1,067. Kwa ajili ya milimita 67 hakuna behewa linaloweza kuendelea, na mzigo lazima uhamishwe. Wahandisi wanaliita hilo tatizo. Wabeba mizigo wa Kidatu hawajawahi kutumia neno hilo.

Makutano pia ndipo habari zilipobadilisha treni. Mgomo wa makuli ulioanzia bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947 ulipanda na reli hadi bara, stesheni kwa stesheni. Wafanyakazi wa reli waliunda chama chenye nguvu, na chini ya katibu wake Kasanga Tumbo waligoma mwaka 1960 kwa zaidi ya miezi miwili. TANU ilipokutana Tabora mwaka 1958 kuamua kama ishiriki uchaguzi wa masharti magumu, mkutano ulifanyika katika mji ambao habari zilikuwa na njia tatu za kutokea. Mkoloni alijenga reli ili amri ziende bara haraka. Hakukumbuka kwamba treni hurudi.

Ngeli ya Tano: Yatima

Hawa walipewa reli, kisha wakanyang'anywa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho karanga hazikushauriwa. Mashamba yakafunguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini kukajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango wenyewe ukafutwa mwaka 1951, reli ikabaki inatafuta mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Tawi la Kongwa nalo likaondoka. Urambo ilinusurika kwa kuwa ilikuwa juu ya njia ya Kigoma, ikageukia tumbaku. Mtwara ilibaki na bandari nzuri isiyo na reli, yaani mlango mpana wa nyumba isiyo na ukumbi.

Dalili za ngeli hii ni tuta lililonyooka mno kuwa la asili, ambalo sasa ni njia ya baiskeli. Mataruma ya chuma yaliyogeuzwa nguzo za uzio. Na, katika shule nyingi hata zile ambazo treni haijawahi kuzikaribia, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Mwalimu wa zamu anakigonga kwa nondo saa moja na nusu asubuhi, watoto wanakimbilia mstarini. Imethibitika kwamba katika umbo hili reli hutunza muda vizuri kuliko ilivyowahi kuutunza ikiwa imelala chini.

Ngeli ya Sita: Wanaopitwa

Ngeli hii ni changa, na data zake bado zinakuja. Juni 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai zikafika Dodoma. Mwendo wake unafikia kilomita 160 kwa saa. Safari ya Dodoma iliyokuwa ikila siku nzima barabarani sasa inamalizika kwa saa tatu na ushee. Mtu anaweza kwenda kushughulikia faili lake wizarani na kulala kwake Ukonga, Dar es Salaam, usiku uleule, na faili bado halijapatikana. Hayo ni maendeleo, na mtafiti aliyewahi kukaa saa nne Gulwe bila maelezo hawezi kuyabeza.

Lakini Nadharia ya Kusimama inatutaka tutazame nje ya dirisha, na hapa kuna ugumu, kwa sababu dirisha halifunguki. Treni ya haraka husimama stesheni chache. Njia imezungushiwa uzio, kwa sababu nzuri ya usalama. Stesheni ni safi, zina marumaru na mlinzi, na mlinzi amefundishwa kutambua beseni kwa mbali. Biashara ya chakula ipo, lakini iko ndani ya behewa, kwenye kibanda chenye bei zilizochapishwa, ambako hakuna anko wala mama. Kijiji kilichokuwa kikijulikana kwa vitumbua vyake sasa kinajulikana kwa sekunde nne.

Wengine katika ngeli hii walifikiwa na reli kwa namna nyingine: alama ya X nyekundu ukutani, kwa kuwa nyumba imekutwa ndani ya hifadhi ya reli. Kwao, treni ilisimama kwa muda mrefu kuliko walivyotaka.

Mjadala

Msomaji mwenye haraka atasema hii ni nostaljia ya kuku. Ajibiwe hivi.

Reli ya Kati haikujengwa kwa ajili ya mama wa Saranda. Ilijengwa ili kutoa katani, pamba, ngozi na karanga, na kuingiza askari na kodi. Katika enzi za Waingereza ilibeba manamba kutoka Kigoma hadi mashamba ya katani ya Kimamba, vijana waliotia sahihi ya dole gumba kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Hakuna ramani ya mhandisi iliyoonyesha mahali pa kuuzia mayai. Mayai yaliingia yenyewe, kupitia upenyo ambao mashine hiyo ilikuwa nao bila kukusudia: ilihitaji maji, makaa, kupishana na treni nyingine, na kupumzisha kichwa. Ilibidi isimame. Watu wa kando ya njia wakautumia udhaifu huo kusomesha watoto.

Reli mpya haihitaji maji wala makaa, na njia zake zimepangwa ili isimame kwa nadra. Udhaifu umeondolewa, na pamoja nao upenyo. Hii haina maana kwamba reli mpya ni mbaya. Maana yake ni kwamba kile ambacho zamani kilitokea chenyewe, sasa lazima mtu akipange kwa makusudi, akiandike kwenye bajeti na kukisimamia. Kasi ni mali ya abiria na kusimama ni mali ya mwenyeji. Mpango wa reli unaohesabu moja na kuacha nyingine umefanya nusu ya hesabu.

Mapendekezo

Utafiti unapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila stesheni ya reli ya kisasa iwe na soko la wenyeji ndani ya eneo lake, lenye meza, maji, kivuli na ada inayojulikana, lililo kwenye njia ambayo abiria hawezi kuikwepa. Pili, treni za kawaida za reli mpya zinazosimama kila stesheni zisipunguzwe ili kutoa nafasi kwa zile za haraka, na zile za reli ya zamani zisiachwe zife kwa kisingizio kwamba kuna mpya. Kuna watu wa Malagarasi, Usoke na Bukene ambao kwao treni ya zamani ndiyo basi, lori na soko. Tatu, halmashauri za wilaya zipewe kiti katika vikao vya kupanga ratiba, hata kama mjumbe wake atalala nusu ya kikao.

Ujenzi sasa unaelekea Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma. Wataalamu watakuja vijijini na ramani za rangi, wataitisha mikutano chini ya miembe, na watauliza kama kuna mwenye swali. Ndugu wa kando ya njia, msipoteze nafasi hiyo kuuliza reli itapita lini. Ulizeni itasimama wapi, kwa dakika ngapi, na nani ataruhusiwa kuisogelea.